Ulimi wa Mama Ciza

Watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, walimjua Mama Ciza kwa mambo mawili: kwamba anajua majani, na kwamba hacheki. La kwanza alikuja nalo kutoka Baraka, mji wa kwetu kando ya ziwa, kule Fizi. La pili alilipata njiani. Mimi nilikuwa jirani yake, mlango wangu ukitazamana na wake, na ninaandika habari hii kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu walioisimulia kabla yangu wameisimulia ovyo.

Jina langu ni Lwaboshi. Kwetu nilifundisha biolojia, na kambini wakaendelea kuniita Mwalimu ingawa sikuwa na darasa. Kiingereza nilikiokota kwenye foleni za Dzaleka, foleni moja neno moja, mpaka nikaanza kuitwa kila wageni wanapofika wakihitaji mkalimani. Nina hasira za karibu. Mtu akinisimulia jambo kwa kuzungukazunguka namkata. Mama Ciza tulielewana kwa sababu hakuwa na maneno ya kukatwa.

Ciza alikuwa mwanawe wa kwanza. Alipigwa risasi ufukweni Baraka mwaka tisini na nane, vita vya pili vilipotufikia, mkono wake ukiwa tayari umeshika mtumbwi. Mama yake alivuka ziwa na binti yake Aline, wakakaa Kigoma miezi kadhaa, kisha wakashuka mpaka Malawi. Sisi mama tunamwita kwa mtoto wake wa kwanza, basi watu wakaendelea kumwita Mama Ciza mara ishirini kwa siku, na hakuna aliyemuuliza kama jina hilo linamuuma. Mimi nilimuuliza. Akanijibu, "Mwalimu, hakuna kitu inaniuma." Nikadhani anajikaza tu, kama sisi sote.

Kazi yake ilikuwa kutibu kuhara kwa watoto wachanga. Baraka nzima walimjua kwa jani moja ambalo hapa nitaliita jani la mtoto. Jina lake la Kibembe silitaji, nilimwahidi. Alipofika Dzaleka alizunguka vilima vya Dowa, jirani na kambi, msimu mzima akilitafuta, akarudi siku moja na fungu kwenye kanga. Nililiona mwenyewe: manyoya mafupi upande wa chini, mshipa mwekundu katikati. Alisema ni lenyewe. Akawatibu watoto kadhaa wa mtaa wetu, wakapona. Watoto wengi wanaohara hupona hata ukiwatazama tu, jambo ambalo mwalimu wa biolojia alipaswa kulikumbuka. Sikulikumbuka.

Februari ya mwaka elfu mbili na moja, Bora, binti wa Aline, alianza kuhara. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na alikuwa anamwita kila mwanamume baba, hata mimi, jambo lililomfurahisha kila mtu isipokuwa baba yake. Aline alitaka kumpeleka zahanati. Mama Ciza akasema wangoje, jani lipo. Aline akangoja, maana yeye mwenyewe alikuzwa na jani lile na hajawahi kumwona mama yake akikosea. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Asubuhi ya tatu macho ya mtoto yakawa yamezama. Wakambeba mbio. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na Bora alikata roho mgongoni mwa mama yake kabla hawajaifikia.

Kwenye matanga, wanawake wawili waliokaa karibu na mafiga walisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba majani ya nchi hii yana sumu na mtoto ameuawa na bibi yake. Ingekuwa si aibu mzee kupigana matangani, ningepigana. Aline alisikia. Mama Ciza naye alisikia, wala hakujitetea. Aliacha kuchuma majani siku ile ile, na maisha yake yakaendelea: akapanga foleni ya mahindi, akafagia, akapika mboga yenye chumvi nyingi kiasi kwamba mke wangu alikuwa akipokea bakuli kwa adabu na kuongeza maji mara mbili. Hakulia. Watu walilisema hilo pia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Aline akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Shukrani. Nilikuwapo bibi alipokuja kumpokea mjukuu. Aline alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani.

"Mama, mi sikusemi mubaya," alisema. "Lakini huyu hautamubeba. Siku mutu ataniletea karatasi yenye inasema ile majani haikumuua Bora, njo utamubeba."

"Ni sawa," akajibu Mama Ciza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikwenda kwa Aline, nyumba chache kutoka kwetu, akasimama mlangoni, akamtazama mtoto, akarudi kwake. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Mimi niliona nikiwa nimekaa nje na chai yangu, na chai ilikuwa ikinishinda.

Mwezi wa sita akaja Daktari Tamandani. Si daktari wa kudunga sindano. Alitoka chuo kimoja cha Lilongwe, mtafiti wa dawa za mimea, mwanamke mwembamba wa Mponela mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitaka kuzungumza na wakimbizi wanaojua majani. Wengi walimkimbia. Wazungu na wasomi wanaiba, walisema. Leo unamwonyesha jani, kesho lina jina la mtu mwingine kwenye chupa. Hawakuwa wajinga kusema hivyo. Yeye Daktari mwenyewe aliniambia wana haki, akaahidi kwamba jina la jani halitachapishwa bila mwenyewe kukubali.

Mama Ciza alikubali kabla sijamaliza kutafsiri.

"Mi siko na shida," alisema. "Aandike yenye anataka. Lakini apime kama ile majani inaua mutoto. Hiyo tu."

Nikamfasiria Daktari. Hakulitegemea hilo, kwa maana alikuja kutafuta jani linaponya nini, na huyu mama anauliza linaua au haliui. Nilimweleza habari ya Bora kwa ufupi. Akasema atapima yote mawili.

Akatoa fomu yake, nami nikawa naifasiri swali kwa swali. Jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Sehemu inayotumika. Namna ya kutayarisha. Kipimo kwa mtoto. Ugonjwa unaotibiwa. Mama Ciza alijibu kama mtu anayesoma ukutani. Ilikuwa fomu nzuri, ya kurasa nne, na mimi nilijivunia kuifasiri bila kukwama. Ilikuwa na kila swali isipokuwa moja, na nikikumbuka namna nilivyokaa pale na kalamu sikioni najisikia vibaya mpaka leo.

Tulipanda kilimani watatu kwenda kuchuma. Kwao Mama Ciza jani halichumwi hivi hivi. Lazima mchumaji ataje kwanza jina la mgonjwa, ili jani lijue linakwenda kwa nani. Siku ile hapakuwa na mgonjwa. Mama Ciza alisimama mbele ya kichaka, mkono umenyooshwa, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema, "Bora," akavunja tawi. Daktari akauliza amesema nini. Nilimwambia, akaandika pembeni ya daftari lake, kisha akafunga daftari.

Tukangoja miezi miwili. Ulikuwa mwaka wa njaa Malawi nzima, wenyeji wakifa vijijini, na kambini mgao ulipunguzwa. Shukrani akajifunza kukaa. Bibi yake aliliona hilo kutoka mlangoni.

Mwezi wa nane mwishoni Daktari akatuita Lilongwe, mimi na Mama Ciza. Tulishukia upande wa Kawale, tukatembea mpaka kwenye jengo la chuo. Maabara ilikuwa chumba cha kawaida chenye sinki, mashine mbili za kuvuma, na visahani vya kioo vyenye vifuniko. Daktari alimpa Mama Ciza kiti kilichokuwa chake, yeye akasimama.

"Mwambie jani lake halina sumu," alianza. "Tumelijaribu kwa njia tatu. Haliui. Mjukuu wake hakufa kwa sababu ya jani."

Nilifasiri. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikaanza hata kuwatungia wale wanawake wawili wa mafigani maneno nitakayowaambia. Mama Ciza aliitikia kwa kichwa tu.

"Andika," akaniambia. "Muambie aandike kwa karatasi, Aline aone."

Daktari akasema karatasi iko tayari, ina mhuri. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Mwenzake wa Kigoma alikuwa amewaomba Wabembe wa kambi za kule wamwonyeshe jani hilo hilo, kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye fomu, na wakamchumia lile la kwao, maana linaota na upande ule wa ziwa. Daktari alikuwa nayo mafungu yote mawili, yamekaushwa, akayaweka mezani sambamba. Kwa macho hayakuwa na tofauti. Lakini la Kigoma, alisema, lilizuia vidudu vya kuharisha visiongezeke kwenye kisahani. La Dowa halikuzuia kitu. Ni ndugu tu, kama binamu wanaofanana sura na hawafanani tabia.

"Mwambie ujuzi wake ni wa kweli," alisema Daktari, na niliona amefurahi kwa dhati. "Jani la kwao linafanya kazi. Na kusema kweli hatukuhitaji mashine kuyatofautisha. Humu ndani haturuhusiwi kuonja, lakini bibi yangu kule Mponela alikuwa anaonja kila mzizi, nami nikaonja. La Kigoma linatia ulimi ganzi. La Dowa, hakuna."

Nilifasiri na hilo pia, haraka haraka, kwa sauti ile ile.

Mama Ciza akaniomba nirudie. Nikarudia. Akanyoosha mkono, akachukua jani moja kutoka fungu la Kigoma, akalitafuna, akaliweka chini ya ulimi. Tulingoja. Akalitema kwenye kiganja. Akachukua la Dowa, akafanya vile vile. Mashine zilikuwa zinavuma. Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni moja," alisema Mama Ciza. "Kwangu yote ni moja."

Halafu akaeleza, na yule mama sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Kwao, alisema, hakuna mtu anayetoa jani la mtoto bila kulitafuna kwanza. Macho yanadanganya, kichaka kinaweza kufanana na kichaka. Mama yake alimfundisha akiwa msichana: tafuna, weka chini ya ulimi, ngoja. Ulimi ukifa ganzi, ni lenyewe. Usipokufa, tupa.

"Na hii ya Dowa ulitafuna?" nilimuuliza.

"Nilitafuna. Ulimi ilikuwa imekufa. Nikasema, njo yenyewe."

"Sasa?"

"Mwalimu, ile ulimi ilikufa siku ya Ciza. Kwa mtumbwi balinipa samaki, nikakula, sikusikia kitu. Toka ile siku sisikiake kitu. Chumvi, sukari, pilipili, yote ni sawa na kutafuna nguo. Nilijua. Lakini nilipotafuna ile majani nikaona ulimi imekufa, nikafurahi. Nilisahau kama ilikuwa imekufa zamani."

Ilinibidi nifasiri. Nilifasiri nikitazama sinki. Daktari Tamandani aliweka kalamu chini, akavuta fomu yake ya kurasa nne, akaipekua mbele na nyuma.

"Sikumuuliza anajuaje kuwa ndilo," alisema. "Niliuliza kila kitu. Hilo sikuuliza."

Mimi nilitaka kumgombeza, halafu nikakumbuka nani alikuwa mkalimani. Nimefundisha watoto miaka tisa kwamba jambo bila kipimo ni uvumi. Mama huyu alikuwa na kipimo, kimerithiwa, kizuri kuliko macho yangu na vitabu vyangu, na mimi nilimwona kama mtu wa kukariri majani. Ningemuuliza siku ile mezani, angejibu. Lakini Bora angekuwa kaburini vile vile. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumtafsiria Daktari maneno ya kuaga.

Karatasi tulirudi nayo. Ilikuwa na mstari mmoja uliotuhusu: mmea uliopimwa haukuonyesha sumu. Njiani nikawa nazungumza mimi peke yangu. Nilimwambia Mama Ciza kwamba Aline aliomba jambo moja, na jambo hilo tunalo, lina mhuri. Aline hakuuliza habari za ulimi. Hakuuliza habari za Kigoma. Mpe karatasi, chukua mjukuu wako, basi. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

"Mm," alisema yeye.

"Mama Ciza, maji yakimwagika hayazoleki."

"Mm."

Tulifika kambini jua likiwa bado kali. Aline alikuwa nje anaanua nguo, Shukrani amekaa kwenye mkeka akipiga sufuria kwa mwiko. Nilimsomea karatasi kwa Kiingereza kwanza, ili asikie kwamba haikutungwa na mimi, kisha kwa Kiswahili. Aline akaniomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa neno sumu. Nikamwonyesha. Alikiweka kidole pale, akakaa nacho muda. Halafu akaokota mtoto, akafuta mate yake kwa upindo wa kanga, akamwinua mbele ya mama yake.

"Shika, Mama."

Mama Ciza aliacha mikono yake chini.

"Ngoja," alisema. "Karatasi inasema kweli. Haikumuua. Lakini haikumusaidia, Aline. Haikuwa ya kwetu. Siku tatu nilimupa maji ya majani ya bure, na we ulitaka kwenda zahanati, mi njo nilikukataza."

Akamweleza na habari ya ulimi. Alimweleza kama alivyojibu ile fomu, kitu kwa kitu, bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na karatasi mkononi, nikajiona mpumbavu, nikaikunja. Aline alikuwa bado amemwinua mtoto, mwishowe akamrudisha kifuani.

"Miaka ine," alisema. "Tunakula sahani moja, na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kaka yako alikuwa amekufa. Nitalilia chumvi?"

Aline alimweka mtoto kwenye mkeka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akaendelea kuanua. Alianua zote, hata zilizokuwa bado mbichi. Alikuwa ametupa mgongo. Mimi nilijua natakiwa kuondoka, na sikuondoka, kwa sababu nilitaka kuona mtu mmoja kati yao analia, na hakuna aliyelia. Aliyelia ni Shukrani. Mwiko ulikuwa umemponyoka, na hakuna mtu aliyemjali, akaanza kulia kwa nguvu.

Mama Ciza alimtazama. Hakusogea.

"Si umupakate," Aline alisema bila kugeuka. "Hausikii analia? Akiugua tutaenda zahanati sisi wote, siku ya kwanza. Lakini sasa analia tu."

Yule mama aliinama taratibu, akamchukua. Mtoto alikuwa mzito, amekua miezi mitano bila mikono ile, akanyamaza kwa mshangao akamshika bibi yake pua. Mama Ciza alimsogeza, akaweka uso wake juu ya kichwa cha mtoto pale katikati panapodunda, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka nikasikia.

"Aline," alisema. "Sisikii harufu yake."

Aline alikuja na nguo zake mikononi. Akazishusha chini kwenye vumbi, zote, akainama juu ya kichwa cha mwanawe karibu na uso wa mama yake, akanusa.

"Ananuka maziwa, Mama," alisema. "Maziwa na moshi kidogo."